Dondoo muhimu: Sebule na baraza yake

Kabla hujanunua hata pazia, kaa sebuleni saa kumi jioni uone jua linaingilia wapi. Dirisha likiwa moja, usiliegemezee kochi la mgongo mrefu.

Rangi usiichague kwenye kikaratasi cha dukani. Paka kipande cha ukuta, upana wa kanga iliyokunjwa, ukitazame asubuhi kisha usiku taa ikiwaka. Nyeupe kali chini ya taa nyeupe hugeuza sebule kuwa zahanati.

Chumba chembamba? Nyumba za kale za Lamu zilikuwa hivyo, maana upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, mita 3 hivi. Mafundi wakachonga zidaka ukutani. Vyombo vikapanda juu, sakafu ikabaki huru. Rafu za ukutani hufanya kazi hiyohiyo.

Barazani, epuka godoro la sponji lisilo na foronya ya kuzuia maji. Langu lilinyeshewa usiku mmoja, likanuka wiki nzima! Mkeka wa ukindu hukunjwa haraka. Penye jua kali panda mshubiri, chungu kiwe na tundu. Kisahani chake kimwage maji, mbu wasizaliane.