Kitabu na filamu: Vuta N'kuvute kwa siku za likizo

Likizo ndiyo hii, na watoto wanashinda ndani na simu. Somo la leo ni la nyumba nzima. Tunalinganisha riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyochapishwa mwaka 1999, na filamu ya jina hilohilo ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Amil Shivji. Kama ulisoma kidato cha tano na sita Tanzania, huenda riwaya hii unaikumbuka.

Hadithi yenyewe

Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza angali anatawala. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, ameozwa Bwana Raza, mtu wa umri wa kumzaa. Ndoa inamshinda, anaondoka. Jamaa zake wanamfungia mlango. Anayempokea ni shoga yake Mwajuma, anayeishi Ng'ambo. Huko anampenda Denge, kijana aliyesoma Urusi, ambaye polisi wanamwandama kwa sababu anadai uhuru.

Tofauti tatu za kuangalia

1. Muda. Riwaya ina nafasi ya kutembea: inatupeleka hadi Mombasa na kutujulisha watu wengi. Filamu ina kama saa moja na nusu tu, kwa hiyo inashikilia zaidi mapenzi ya Yasmin na Denge.

2. Moyo wa mtu. Mwandishi anaweza kukwambia Yasmin anawaza nini. Filamu haina budi kuonyesha: uso, rangi, kimya, taarabu. Mwajuma anaigizwa na Siti Amina, mwimbaji wa Zanzibar.

3. Lugha. Katika filamu mtoto anasikia Kiswahili kikisemwa. Katika kitabu anakiona kimeandikwa. Anayekisikia kwa mama yake tu anavihitaji vyote viwili.

Kwa nini hadithi hii, hapa?

Zamani mkono wa bahari ulitenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Jina la Darajani limetokana na daraja lililokuwapo. Sisi wa Bur Dubai tuna khor yetu, na ng'ambo yetu ni Deira. Kwa abra unavuka kwa dirhamu moja. Yasmin alivuka sehemu fupi kuliko hiyo, lakini aliacha nyuma ukoo mzima. Alianza upya kwa watu wasio wa kabila lake, na waliompa mahali pa kulala hawakuwa na kitu. Wengi wetu tunaijua safari hiyo.

Namna ya kufanya

Hadithi ina mambo ya wakubwa, kwa hiyo mzazi atangulie kuitazama na kuisoma, kisha awaite vijana wake. Someni kwa sauti sura ya kwanza, kila mmoja ukurasa wake. Halafu tazameni mwanzo wa filamu, msimamishe, muulizane:

- Nini kimeachwa? Je, hadithi imepungukiwa?
- Sura ya Yasmin uliyokuwa nayo kichwani inafanana na ya kwenye filamu?
- Nani alikosea: Yasmin aliyeondoka, au waliomfungia mlango?

Swali la mwisho msilikimbie. Mkubwa asijibu kwanza. Amwachie binti aseme, naye asikilize mpaka mwisho. Kisha mzazi naye asimulie: siku tulipofika, nani alitufungulia mlango?