Ndovu wa Unyamwezi na Nyangumi wa Antaktika

Bukene imo katika nchi ya Unyamwezi. Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Ndovu walipopungua, wawindaji waliwafuata mbali zaidi, hata Kongo.

Antaktika, bara la barafu lililoko ncha ya kusini ya dunia, nayo ilipatwa na jambo kama hilo. Mwaka 1775 baharia Mwingereza, James Cook, alifika kisiwa cha South Georgia akaona sili wengi. Habari zilipoenea, wawindaji walikuja kuwaua kwa ajili ya ngozi zao. Mwaka 1904 kituo cha kuwindia nyangumi kilijengwa kisiwani humo. Mafuta ya nyangumi yalitumika kutengenezea sabuni.

Ndovu hubeba mimba kwa miezi 22, kisha kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Nyangumi pia huzaa mmoja. Wanyama wa namna hii wakiuawa upesi kuliko wanavyozaliana, hutoweka. Kwa hiyo, mataifa yalisimamisha uwindaji wa nyangumi wa biashara mwaka 1986, na mwaka 1989 yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu.

Maswali
1. Kwa nini wawindaji wa ndovu walikwenda mbali zaidi?
2. Sungura huzaa watoto wengi. Je, angepungua upesi kama ndovu? Eleza.