Makuyuni na Njia Zake Tatu

Makuyuni ni kata ya wilaya ya Korogwe, katika mkoa wa Tanga. Mtu atokaye mjini Korogwe kwenda Mombo hupita hapo. Makuyu ni matunda ya mkuyu, mti mkubwa wenye kivuli kizuri, nao hupenda kuota karibu na maji. Basi jina lenyewe lamwambia msafiri habari njema: hapa aliyechoka aweza kupumzika.

Upande wa kaskazini milima ya Usambara imesimama kama ukuta. Upande wa kusini nchi yashuka mpaka mto Pangani, ambao wenyeji wauita Luvu au Ruvu. Maji yake yatoka Kilimanjaro na Meru, nayo husafiri karibu kilomita 500 kabla ya kufika baharini penye mji wa Pangani. Kusini ya mto huo iko nchi ya Handeni. Katikati ya milima na mto pana ukanda wa nchi tambarare, na msafiri atokaye pwani kwenda Kilimanjaro hupata hapo njia nyepesi, maana hana haja ya kupanda milima. Kwa sababu hiyo habari za Makuyuni, Korogwe na Mombo ni habari za njia. Nazo njia zilikuwa tatu: ya miguu, ya reli, na ya motokaa.

Wenyeji wa nchi hii ni Wasambaa, ambao asili yao ni milimani. Wazigua, ambao nchi yao yaenea mpaka Handeni. Na Wabondei, wa upande wa Muheza. Lugha zao zakaribiana, hata mmoja aweza kufahamu maneno mengi ya mwenziwe. Watu hupenda kuyaunganisha majina yao matatu na kusema Boshazi, yaani Wabondei, Wasambaa na Wazigua, kana kwamba ni nyumba moja yenye milango mitatu.

1. Njia ya miguu

Zamani misafara ilitoka pwani ya Pangani ikafuata bonde la mto kwenda bara. Wapagazi walichukua nguo, shanga na waya, wakarudi na pembe za ndovu. Lakini misafara mingine ilirudi na watu waliofungwa minyororo, ili wauzwe pwani. Kwa hiyo njia hii ilileta mali, tena ilileta hofu. Watu wa bonde walijenga vijiji vingine katika visiwa vya mto, ili maji yawe boma lao na adui asiwaingilie ghafula.

Huko juu milimani alitawala Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa ukoo wa Wakilindi, na mji wake mkuu ulikuwa Vuga. Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika kwake mwaka 1848, na Waingereza Richard Burton na John Speke walimtembelea mwaka 1857. Kimweri alipokufa, karibu na mwaka 1862, wakuu wa ukoo wake waligombana. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini ya milima, mahali ambapo misafara ilipita. Hapo alipata bunduki kwa biashara, akawa na nguvu kuliko wale waliokaa Vuga penye kiti cha enzi. Zikafuata vita vya miaka mingi, na watu wengi wakatekwa na kuuzwa. Basi yafaa kufikiri: nguvu zilihama kutoka mlimani kwenda bondeni, kwa kuwa njia ilikuwa bondeni.

2. Njia ya reli

Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Kampuni iliyoanza kazi hiyo ilishindwa kwa kukosa fedha, na mwaka 1899 serikali yao ikaitwaa. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, ikafika Mombo mwaka 1905. Makuyuni ni kati ya miji hiyo miwili. Mwaka 1912 ilifunguliwa mpaka Moshi, na mwaka 1929 ilifika Arusha. Safari iliyowachosha wapagazi kwa siku nyingi ikawa ya saa chache.

Katika mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Miche mingi ilikufa njiani; 62 tu ilikuwa hai ilipofika. Kutoka katika hiyo michache mashamba yalienea: Hale, Ngombezi, Magunga, Mazinde na mengine mengi. Mkonge ulipenda nchi hii, maana huvumilia jua na ukame. Na reli ilikuwa tayari kuuchukua mpaka bandari ya Tanga.

Kazi ya mkonge ni nzito. Mche hukaa miaka kadhaa kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Mkataji huondoa majani ya chini, huyafunga mafungu, na kuyapeleka njiani. Hayakai siku nyingi, yasije yakakauka. Hupelekwa kiwandani, na mashine iitwayo korona huyaponda na kuyakwangua chini ya maji hata zibaki singa nyeupe. Singa hizo huanikwa juani, husuguliwa, hufungwa marobota. Katika kilo 100 za majani hupatikana singa kilo 4 tu au zaidi kidogo. Zilizobaki ni maji na makapi.

Wenyeji wengi walipenda kulima mashamba yao wenyewe, kwa hiyo wenye mashamba waliwatafuta watu mbali. Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Walitoka Unyamwezi, Kigoma, Songea, Rwanda na Burundi, na hata Msumbiji. Kila mtu alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara wake ulilipwa kipande kilipokwisha. Wengi waliacha wake na watoto nyuma, na wengine hawakurudi tena. Wajukuu wao wako hata leo katika vijiji vya bonde hili, nao wasema Kiswahili kama lugha ya nyumbani.

Katika mwezi wa Juni 1916 vita kuu ya kwanza ilipita hapa. Majeshi ya Waingereza yalishuka kwa kufuata reli na mto, yakatwaa Mombo, Korogwe na Handeni katika mwezi huo mmoja. Wajerumani na Waingereza wote waliwatumia wenyeji kuchukua mizigo, na wengi wa wachukuzi hao walikufa kwa njaa na maradhi.

3. Njia ya motokaa

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 mkonge ulikuwa bado mali kubwa. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000, na hakuna nchi nyingine duniani iliyotoa zaidi. Lakini viwanda vya ng'ambo vilianza kufanya kamba za nailoni na vitu vya namna hiyo, na bei ya mkonge ikaanguka. Mwaka 1967 serikali iliyatwaa mashamba mengi, lakini mavuno yaliendelea kupungua, hata mwishoni mwa karne yakawa karibu tani 20,000. Treni za abiria nazo zikakoma. Magari yalipita barabarani, na stesheni zikabaki kimya, majani yakaota kati ya reli.

Hapo ndipo watu wa bonde walipoona hatari ya kutegemea kitu kimoja. Shamba likifungwa, kiwanda kilinyamaza. Kiwanda kikinyamaza, duka nalo lilikosa wanunuzi. Lakini aliyekuwa na mahindi yake, mpunga wake na miti yake ya matunda hakulala njaa.

Siku hizi kazi ni nyingi kuliko zamani. Mabasi na malori hupita kwenda Moshi na Arusha, na wauzaji wa matunda hungojea abiria. Siku ya gulio watu wa mlimani huleta mboga na matunda, na watu wa bondeni huleta mahindi na mchele. Tangu mwaka 1999 wakulima wadogo walipewa viwanja katika mashamba ya zamani kama Ngombezi, Magunga na Hale, wakalima mkonge kwa faida yao wenyewe. Huko Hale nguvu ya mto huzalisha umeme tangu mwaka 1964. Tena ulijengwa mtambo wa kutoa umeme katika makapi ya mkonge, yale yaliyokuwa yakitupwa. Reli nayo iliamka: mwaka 2019 treni ya abiria ilitoka Dar es Salaam ikapita Korogwe mpaka Moshi, na mwaka 2020 ikafika Arusha.

Yako mambo mawili zaidi ya kuonea fahari. La kwanza ni uzuri wa nchi. Kutoka Mombo barabara yapanda milima kwenda Lushoto, nayo yazunguka kama nyoka kando ya maji yaangukayo. Katika misitu ya nchi hizi huota ua dogo la zambarau, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani mwaka 1892. Leo lapandwa katika vyungu madirishani duniani kote. La pili ni msaada ambao Korogwe iliupa ulimwengu. Bonde lenye maji lina mbu, na malaria imewaua watoto wengi. Tangu mwaka 2009 mpaka 2014 chanjo ya malaria ilijaribiwa mahali 11 katika nchi 7 za Afrika, na Korogwe ilikuwa mahali pamoja. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliikubali chanjo hiyo itumiwe. Wazazi wa bonde hili waliowapeleka watoto wao wamesaidia watoto ambao hawatawaona kamwe.

Basi tumeona ya kuwa njia huleta mji, na njia yaweza kuuacha. Misafara imekwisha, na reli ililala kisha ikaamka. Lakini udongo, maji na mikono ya watu haviondoki na treni. Njia ni mgeni. Mwenye nyumba ni kazi.

Maswali

1. Kwa nini msafiri wa Kilimanjaro aliona njia ya bondeni kuwa nyepesi?
2. Semboja alipataje nguvu kuliko watu wa Vuga?
3. Reli ilifika Korogwe mwaka gani? Na Mombo?
4. Ukiwa na kilo 500 za majani ya mkonge, na katika kila kilo 100 zikapatikana singa kilo 4, utapata kilo ngapi za singa?
5. Eleza maana ya maneno haya: manamba, kipande, korona, gulio.
6. Waulize wazee wa kwenu: ni njia gani iliyoleta watu mahali mnapokaa? Andika majibu yao kwa mistari kumi.