Uniti Moja ya Umeme wa Makaa ya Mawe Ina Uzito Gani?

Mtumiaji wa umeme huiona namba moja kila siku, nayo ni ya uniti zilizobaki katika mita ya LUKU. Ujenzi wa mtambo mpya unapotangazwa redioni, namba inayotajwa ni nyingine, yaani megawati. Ipo na ya tatu isiyotajwa mara nyingi: tani za hewa ukaa zitokazo katika dohani. Somo hili linakusudia kuziunganisha zote tatu.

Megawati ni uwezo wa mtambo. Si umeme uliokwisha kuzalishwa. Tuchukue mfano wa mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, nchini Kenya, wenye uwezo wa megawati 1,050. Megawati moja ikifanya kazi kwa saa moja huzaa uniti 1,000. Basi mtambo ule, kwa nguvu zake zote, ungetoa uniti 1,050,000 kwa saa. Hata hivyo, hakuna mtambo ufanyao kazi kwa nguvu zote mwaka mzima. Yapo matengenezo, na zipo saa za usiku wa manane ambapo watumiaji wamelala. Tukikadiria asilimia 60, tunapata uniti 630,000 kwa saa, yaani takriban bilioni 5.5 kwa mwaka. Kwa hiyo anayetajiwa megawati peke yake na aulize: kwa saa ngapi?

Sasa tutazame dohani. Uniti moja huhitaji takriban nusu kilo ya makaa mazuri, nayo hutoa hewa ukaa inayokaribia kilo moja. Wengi hushangaa, maana moshi unawezaje kuuzidi uzito mkaa wenyewe? Jibu ni kwamba kaboni iliyomo katika makaa inapoungua hujishikiza na oksijeni ya hewani: kilo 12 za kaboni huzaa kilo 44 za hewa ukaa. Isitoshe, zaidi ya nusu ya joto la makaa hupotea bila kugeuka umeme. Kwa kipimo hicho, mtambo wa mfano wetu ungetoa takriban tani 600 za hewa ukaa kila saa. Umeme wa gesi asilia hutoa kama nusu ya kiasi hicho kwa uniti. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, halichomi nishati yoyote.

Kwa wasomaji wetu wa Mwese, tani ya hewa ukaa si jambo geni. Katika Wilaya ya Tanganyika vipo vijiji vinavyolipwa kwa kutunza misitu ya Milima ya Ntakata, na malipo yenyewe huhesabiwa kwa tani. Kaya inayotumia uniti 75 kwa mwezi hufikisha uniti 900 kwa mwaka. Kama umeme huo ungetoka wote katika makaa ya mawe, kaya hiyo moja ingekuwa imerudisha angani karibu tani nzima, sawa na ile ambayo kijiji kinalipwa kwa kuizuia.

Hewa ukaa haionekani wala hainuki. Kinachowasumbua majirani wa mtambo ni vitu vingine: vumbi laini, gesi za salfa ziwashazo kifua, na majivu ambayo huwa na zebaki. Vichujio hupunguza sehemu kubwa ya hayo, ila vina gharama, na gharama hiyo hatimaye huingia katika bei ya uniti. Ni vyema kuijua mapema kuliko kuikuta katika risiti.

Tanzania nayo ina mpango wa mtambo wa megawati 600 huko Mchuchuma, wilayani Ludewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wasikilizwe. Hilo si jambo la kupuuzwa: tarehe 26 Juni 2019, leseni ya mazingira ya mtambo wa Lamu ilifutwa, mojawapo ya sababu ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mkutano wa namna hiyo ukiitishwa katika eneo lako, uliza uniti zinazotarajiwa kwa mwaka, tani za hewa ukaa kwa kila uniti, mahali majivu yatakapotupwa, na nani atalipia vichujio. Omba majibu hayo yaandikwe katika muhtasari wa mkutano.