Roboti ya Mazoezi ya Kutembea: Inamfaa Nani?

Aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi hurudishiwa mwendo kwa kutembea, tena kwa kurudia hatua nyingi. Lakini asiyeweza kusimama huhitaji watu wawili au watatu: huyu amshike kiuno, yule ausogeze mguu uliolegea. Hatua hamsini tu, wote wako hoi. Roboti ya mazoezi inaweza kumpitisha hatua mia kadhaa, hata elfu moja, kwa kipindi kimoja. Faida yake kubwa ni hiyo: wingi wa hatua. Ugonjwa wenyewe haiuponyi.

Aina zilizopo

Ya kwanza hufungwa miguuni juu ya tredimili, yaani mashine yenye mkanda unaotembea. Inayojulikana zaidi ni Lokomat ya kampuni ya Hocoma ya Uswisi. Mota zake hukunja nyonga na magoti, huku mikanda inayoning'inia kutoka juu ikibeba sehemu ya uzito wa mgonjwa. Ya pili, kama G-EO, ina vibao viwili vinavyozipeleka nyayo mbele na nyuma. Ya tatu huvaliwa na kutembelewa sakafuni, kama ReWalk na Ekso. ReWalk hudai mikono yenye nguvu, kwa sababu mtumiaji hushika magongo.

Kipindi kinavyokwenda

Vaa suruali laini ndefu na viatu vilivyofunika mguu. Kwa mashine kama Lokomat, mfiziotherapia hupima urefu wa paja na wa muundi ili goti la mashine likae sambamba na goti lako. Likipishana, mikanda itachubua ngozi. Maandalizi huchukua muda, hasa siku ya kwanza. Kisha unainuliwa kidogo na kushushwa taratibu juu ya mkanda unaotembea. Goti likilegea, mfiziotherapia huongeza uzito unaobebwa na mashine. Vidole vikiburuzika, hukaza kamba za mguuni.

Kadiri unavyopata nguvu, msaada hupunguzwa na mwendo huongezwa. Kama wiki zinapita na mashine bado inafanya kila kitu, uliza sababu. Anayeiachia imbebe tu hafundishi misuli wala ubongo. Sukuma mguu kila hatua.

Nani hufaidika zaidi?

Uchambuzi wa shirika la utafiti wa afya la Cochrane wa mwaka 2020 ulijumlisha majaribio 62 yenye washiriki 2,440 waliopata kiharusi. Mashine ikiunganishwa na fiziotherapia, kwa kila wagonjwa 8 waliotibiwa, mmoja zaidi aliepuka kuwa tegemezi katika kutembea. Waliofaidika zaidi ni waliokuwa ndani ya miezi 3 ya mwanzo na ambao hawakuweza kutembea. Anayetembea tayari asitegemee makubwa. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2008, wagonjwa wa namna hiyo walipata maendeleo zaidi kwa kusaidiwa na mikono ya mfiziotherapia kuliko kwa kuongozwa na roboti.

Tahadhari

Mweleze daktari mapema ikiwa una:

- mfupa uliovunjika na haujaunga, au mifupa dhaifu sana;
- vidonda mahali mikanda inapopita;
- viungo vilivyokaza visikunjuke;
- damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu;
- presha inayopanda na kushuka ovyo.

Uliza pia kikomo cha uzito. Cha Lokomat ni kilo 135.

Ukisikia kizunguzungu, maumivu ya kifua au pumzi kukata, sema mashine isimamishwe papo hapo. Anayetumia mashine kwa sababu ya kuumia uti wa mgongo sehemu ya juu atoe mkojo kabla ya kufungwa. Akipata ghafla kichwa kuuma sana pamoja na jasho, hiyo ni dharura. Baada ya kila kipindi kagua ngozi ya mapaja, kinena na miguu, hasa pale pasipo na hisia.

Maswali kabla ya kulipa

- Vipindi vyote ni vingapi, na jumla ni shilingi ngapi?
- Maendeleo yatapimwaje? Kwa mfano, sekunde za kutembea mita 10, au umbali kwa dakika 6.
- Fiziotherapia ya kawaida itaendelea?
- Bila mabadiliko, tutaacha lini?

Kama mashine haipo

Usikimbilie kuuza shamba. Utafiti wa LEAPS wa Marekani, uliotolewa mwaka 2011, ulifuata wagonjwa 408 wa kiharusi walioweza kutembea kidogo. Waliofanya mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha nyumbani, wakisimamiwa na mfiziotherapia, walifikia maendeleo sawa na waliotembezwa juu ya tredimili huku wakibebwa na mikanda. Hivyo mwombe mfiziotherapia wako akuandikie ratiba: kuinuka kitini, kusimama ukihamisha uzito mguu hadi mguu, na kutembea kwa fremu ukiwa na mtu pembeni. Ndugu wa nyumbani afundishwe mbele yake namna ya kukushika usianguke, na hatua za kila siku ziandikwe daftarini ili kliniki ijayo muone kama zinaongezeka.