SOMO: MKIMBIAJI ALIYEFIKA WA MWISHO



Katika somo hili twataka tumtazame mtu mmoja wa nchi yetu ambaye wengi wenu mmelisikia jina lake, John Stephen Akhwari wa Mbulu. Watoto huambiwa kwamba alianguka, akaumia, akamaliza mbio. Ni kweli, lakini habari hii ikisemwa upesi namna hiyo hugeuka kuwa hadithi ya kuwabembelezea watoto, nasi twaona yamo ndani yake mambo ya kuwafikirisha watu wazima.

Ilikuwa tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City. Mbio za marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Mji ule umejengwa juu sana, mita 2,240 kutoka usawa wa bahari. Sisi wa Chome twaweza kulipima jambo hili kwa macho yetu, maana kilele chetu cha Shengena kina mita 2,462. Basi fikirini kukimbia mwendo huo wote mahali palipo chini kidogo tu ya kilele, ambapo kila pumzi humpa mtu kama robo tatu tu ya hewa aipatayo mtu wa Tanga. Hata mzaliwa wa milimani huko hutaabika.

Mbio zilianza saa tisa alasiri. Karibu na kilomita ya 19, wakimbiaji wakisongamana kugombea nafasi, Akhwari akaanguka. Goti likachanika na kuteguka, na bega likagonga barabara. Akafungwa bendeji. Hapo angeweza kuketi, wala hapana ambaye angemlaumu. Yeye akasimama akaendelea, mara akikimbia, mara akitembea kwa kuchechemea.

Tusipite haraka hapa. Safari iliyobaki ilikuwa zaidi ya kilomita 23. Aliyepata kutegua goti shambani anajua jinsi zilivyo hatua kumi tu za kuteremka bondeni. Tena Akhwari hakuamua mara moja tu. Angeweza kuacha kwenye kilomita ya 25, au ya 30, au ya 40, na kila mahali sababu yake ilikuwa ile ile, nzuri ile ile. Nafasi ya ushindi ilikuwa imekwisha kupotea, naye alijua.

Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia kiwanjani kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, jioni, watu wengi wakiwa wamekwenda zao. Wale waliobaki wakampigia makofi. Akawa wa 57, wa mwisho wa wote waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio. Ilimtuma kwenda kuzimaliza.

Jibu hilo husifiwa sana, nasi twaomba mlitazame neno moja ndani yake, nalo ni kutumwa. Hakusema kwamba alikuwa na nguvu. Hakusema kwamba goti halikumuuma. Alisema kwamba safari ile haikuwa mali yake peke yake. Mtu anayekimbia kwa ajili ya sifa zake, sifa zikipotea hana tena sababu ya kuendelea. Aliyetumwa bado anayo, hata akiwa wa mwisho, hata usiku ukiingia.

Hata hivyo na tuwe waangalifu, maana somo hili laweza kugeuzwa fimbo ya kuwapigia wagonjwa. Siku ile ile alikuwapo Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa marathoni wa mwaka 1960 mjini Rome na wa mwaka 1964 mjini Tokyo. Mguu wake ulikuwa umeumia, naye aliacha mbio karibu na kilomita ya 17. Je, Bikila alikuwa mwoga? Hapana mwenye akili atakayesema hivyo. Mwaka 1969 alipata ajali ya gari, akapooza miguu, na mwaka uliofuata akashindana kwa upinde na mishale akiwa katika kiti cha magurudumu. Mwili una mpaka wake, na mwenye mwili ndiye aujuaye. Kwa hiyo mama aambiwaye na mganga apumzike asibebe tena mzigo wa ndizi kuteremka barabarani, asitajiwe jina la Akhwari. Tumtajie yule aliye mzima aliyechoka tu.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mbio kwa sababu walizijua. Michezo mikubwa ilifanyika karibu na mji wao kila mwaka wa pili. Katika barua ile asema habari za mmoja apokeaye tuzo. Lakini katika barua ya pili kwa Timotheo, akitazama nyuma maisha yake, asema amemaliza, wala hasemi amekuwa wa kwanza. Someni sura ya nne muone.

Na huku kwetu? Siku ya kwanza ya msaragambo watu hujaa, wenye majembe na wasio na majembe, na hotuba hazikosekani. Siku ya sita hubaki wazee watatu na akina mama. Ndiva ikijaa matope, kuizibua ni kazi isiyo na makofi, na maji yake humfikia hata yule aliyeondoka mapema. Kuta zilizoota majani mnazijua mahali zilipo, hatuna haja ya kuzitaja.

Jambo moja husahauliwa. Akhwari hakuwa mkimbiaji dhaifu aliyepata sifa kwa kuchechemea. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Goti lilipona, akarudi barabarani. Nishani ya ushujaa alipewa mwaka 1983, miaka 15 baada ya jioni ile ya Mexico.

Mtakapokutana nyumbani kwa nyumba, anzeni kwa kuzungumza juu ya Bikila kabla ya Akhwari. Kisha kila mmoja aseme ni nani aliyemtuma katika kazi aliyo nayo sasa, na kama yule aliyemtuma anajua imefika wapi.