Mke Asiyeulizwa: Somo la Mchezo wa Othello

Mzazi mmoja wa Rondo, mkoani Lindi, ametuletea swali ambalo twadhani lawahusu wazazi wengi. Binti yake, aliye katika shule ya sekondari, alirudi likizo na kitabu cha mchezo wa Othello. Baba akamwomba amsimulie kwa Kiswahili, na jioni ile nyumba nzima ikakaa kusikiliza. Hadithi ilipokwisha mzee akafadhaika. Mume amwua mkewe asiye na kosa, amziba pumzi kitandani kwa sababu ya leso, kisha ajiua mwenyewe! Auliza: je, hiki ni chakula kimfaacho mtoto wa Kikristo?

Twamjibu kwamba chamfaa. Lakini kitabu hicho kisomwe tangu mwanzo, wala sehemu ya kwanza isirukwe, kwa maana wasomaji wengi huyakimbilia mauaji na kuliacha jambo lenyewe nyuma yao.

Mchezo huu ulitungwa na Mwingereza Shakespeare, aliyezaliwa mwaka 1564 na kufa mwaka 1616. Tuna habari kwamba ulichezwa mbele ya Mfalme James wa Kwanza, London, tarehe 1 Novemba 1604, yaani Siku ya Watakatifu Wote. Kisa chake kilitoka katika kitabu cha Mwitalia Giraldi Cinthio, kilichotolewa mwaka 1565. Wasomaji wetu wa Tanzania si wageni kwa mtungaji huyu, kwa kuwa Mwalimu Nyerere alifasiri michezo yake miwili, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mji huo wa Venisi ndimo inamoanza pia habari ya Othello.

Othello ni jemadari, mtu mweusi mwenye asili ya Afrika, aliyebatizwa na kuheshimiwa kwa ushujaa wake. Amemwoa kwa siri Desdemona, binti wa mzee mkubwa wa mji, jina lake Brabantio. Baba mtu akasirika na kumshtaki Othello mbele ya Mtawala kwamba amemroga binti yake kwa dawa. Msomaji wa kwetu asicheke, kwa maana shtaka la namna hii limevunja nyumba nyingi katika nchi zetu. Je, Mtawala afanya nini? Asema kwamba kushtaki si kuthibitisha. Ampa mshtakiwa nafasi ya kusema, na Othello mwenyewe aomba jambo moja tu: Desdemona aitwe, naye aseme kwa kinywa chake mbele ya baba yake. Bibi yule aletwa, aulizwa, ajibu bila kuficha, na shtaka laanguka.

Twawaomba walimu na wazazi wakae sana mahali hapa. Othello aliokolewa na baraza lililomwita shahidi na kumwuliza. Na hapo pana jambo dogo ambalo mtungaji amelitia kimya kimya: mtu aliyetumwa kwenda kumleta Desdemona ni Iago, mshika bendera wa Othello. Huyu Iago aliona kwa macho yake jinsi uongo unavyokufa pale mwenye habari anapoulizwa waziwazi. Kazi yake yote baada ya usiku ule ni kuhakikisha kwamba baraza la namna ile halikai tena.

Iago ana kinyongo. Cheo cha makamu wa jemadari alichokitamani amepewa kijana Cassio. Kiswahili kina maneno mawili yatusaidiayo hapa. Wivu ni wa mtu aogopaye kunyang'anywa alicho nacho. Husuda ni ya mtu asiyeweza kuvumilia kheri ya mwenziwe. Iago ana husuda, naye aipanda kwa Othello iote wivu. Twaona ugonjwa wa kwanza ni mbaya kuliko wa pili, ingawa ni wa pili uliotoa damu kitandani.

Sasa tuitazame njia yake, katika sehemu ya tatu, onyesho la tatu. Wote wamekwisha kuvuka bahari na kufika kisiwa cha Kipro. Cassio aagana na Desdemona na kuondoka, na Iago anong'ona tu kwamba hilo halimpendezi. Aulizwa, ajibu si kitu. Kisha auliza yeye: je, Cassio alijua habari za uchumba wenu? Kwa nini wauliza? Basi tu. Othello amsihi aseme, naye ajizuia, ajitia kusitasita kama mtu aoneaye uchungu jina la mwenzake. Zaidi ya hayo amwonya Othello ajihadhari na wivu! Hapo bado hajatoa shtaka lolote ambalo mtu angeweza kulipeleka mbele ya wazee. Othello ndiye alijazaye pengo kwa mawazo yake mwenyewe. Uongo wenyewe waja baadaye, mlango ukiwa umekwisha kufunguliwa kutoka ndani.

Nani asiyemjua mtu huyu? Mume ametoka Rondo kwenda kuuza korosho zake, arudi, na njiani akutana na rafiki. "Mimi sisemi kitu, ndugu yangu. Nyumbani hawajambo? Haya, Mungu ni mwema." Mume afika nyumbani akiwa amebadilika, na mke hajui kosa lake.

Tena Iago ajua kidonda kilipo. Amkumbusha Othello kwamba yeye ni mgeni asiyezijua desturi za wanawake wa Venisi, na kwamba Desdemona alimdanganya baba yake alipoolewa. Neno hili la pili si lake, bali ni la Brabantio, aliyelitupa kwa hasira alipokuwa akiondoka barazani. Iago aliliweka akiba. Mara Othello aanza kuidharau rangi yake na umri wake, mambo ambayo mkewe hakuyahesabu kuwa kasoro hata siku moja. Mwafrika asomaye hapo ataumia, na ni haki yake.

Leso nayo ni zawadi ya kwanza ya Othello kwa mkewe. (Neno hili leso tulilipata kwa Wareno, wale walioivamia Kilwa mwaka 1505.) Desdemona aiangusha, na Emilia, mtumishi wake aliye pia mke wa Iago, aiokota na kumpa mumewe, kwa kuwa alikuwa ameiomba mara nyingi. Iago aitupa chumbani mwa Cassio. Hiyo ndiyo hati yote ya mashtaka.

Hebu tulinganishe na Susana, ambaye habari zake twazisikia Jumatatu ya juma la tano la Kwaresima kutoka Danieli sura ya 13. Wazee wawili wenye heshima wamshuhudia uongo, na watu wamekwisha kumhukumu afe. Kijana Danieli afanya jambo jepesi: awatenga wale mashahidi na kumwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani alimwona. Mmoja ataja mti huu, wa pili ataja mwingine. Susana apona. Huko Kipro, kama Cassio angaliitwa peke yake akaulizwa leso aliipata wapi, na Emilia akaulizwa vivyo hivyo, hila yote ingalikwisha kabla ya chakula cha jioni.

La hasha, Othello hakukosa kuuliza kabisa. Amhoji Emilia, lakini ajibuposema kwamba bibi yake ni safi, hamsadiki. Amwangalia Cassio kwa mbali akicheka na Iago, wala hasikii kwamba wamtaja mwanamke mwingine. Desdemona mwenyewe adaiwa leso, atukanwa, na aulizapo amekosa nini na nani, hajibiwi. Jina la Cassio alisikia mara ya kwanza kitandani, saa ya kufa. Naye aomba lile lile ambalo mumewe aliliomba Venisi: yule mtu aitwe, aulizwe. Othello asema kinywa chake kimekwisha kuzibwa. Kumbe Cassio yu hai, amejeruhiwa tu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, kifungu 2477, inapoifafanua Amri ya Nane, yahesabu kuwa na hatia hata yeye akubaliye moyoni tu kosa la jirani bila sababu ya kutosha. Wengi wetu hudhani amri ile yamhusu msemaji peke yake. Katika mchezo huu msikilizaji amefanya ubaya zaidi ya hapo: amwambia mkewe asali na aungame dhambi zake, kana kwamba yeye ndiye padre, hakimu na mnyongaji pamoja.

Lakini swali la mzee wa Rondo latupeleka kwa wengine wawili, ambao kwa maoni yetu ndio wanaotuhusu zaidi. Wa kwanza ni Emilia. Desdemona alipouliza leso yake imepotelea wapi, Emilia alikuwapo, naye akasema hajui. Aliogopa kumwudhi mumewe. Baadaye, msiba ulipokwisha kutokea, asema kweli yote kwa ujasiri mkubwa, na Iago amwua. Ujasiri ule ule ungalitosha kabla ya hapo.

Wa pili ni Lodovico, jamaa wa Desdemona, aliyefika kutoka Venisi na barua. Mbele ya macho yake Othello ampiga mkewe kofi. Lodovico ashangaa, asema haya yasingesadikiwa Venisi, amsihi Othello amtulize mkewe kwa kuwa analia. Kisha? Akubali kukaribishwa, ala chakula cha jioni, na aaga kwa adabu. Usiku ule ule Desdemona auawa. Kwa Wamwera na Wamakonde, wafuatao ukoo wa mama, mjomba ana sauti katika ndoa ya mpwa wake tangu kale, na kofi lililopigwa mbele ya jamaa lingeitisha kikao. Desdemona alikuwa ng'ambo ya bahari, baba yake amekufa kwa huzuni, na jamaa mmoja tu aliyekuwapo alidhani yatosha kushangaa.

Mzee atuuliza pia kama amruhusu binti yake kuigiza shuleni. Amruhusu. Na walimu wakiona muda hautoshi, wafupishe vita na dhoruba ya bahari, lakini onyesho la Lodovico waliache zima: kofi, machozi, na yeye akienda mezani.